Uwanja wa Wote

Je, watu wa zama moja wana haki ya kuuza kitu walichoachiwa na wazee wao ili nao wawaachie watoto wao? Swali hili, msomaji, halikuanza leo, wala halikuanza kwetu. Napenda tulitazame kwa mfano wa mji mdogo wa St Andrews, ulio pwani ya mashariki ya Uskoti, na kwa jambo ambalo labda hukulitarajia: uwanja wa gofu.

Najua utakalosema. Kwetu Kenya vijana wengi huujua mchezo huo kwa kuuchungulia uani. Ni mchezo wenye lango na bawabu. Lakini huko ulikokulia haukuwa na ua. Ulichezwa juu ya ardhi ya mji, na mchezaji alipita humo kama alivyopita mchungaji wa kondoo.

Ardhi yenyewe haikumfaa mkulima. Ni ukanda wa mchanga baina ya bahari na mashamba, wenye vilima na mabonde yaliyofinyangwa na upepo, nyasi fupi na vichaka vya miba. Jembe halikupata kitu pale. Basi wenyeji walilisha mifugo, walianika nguo, na walicheza. Kondoo na sungura walizikata nyasi kwa meno, na husemwa kwamba kondoo waliojibanza kuukimbia upepo ndio walioanza kuchimbua baadhi ya mashimo ya mchanga ambayo leo huwatoa jasho mabingwa. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitia muhuri hati iliyokiri haki ya watu wa mji kucheza gofu, kandanda na michezo mingine hapo. Naye akabaki na haki ya kufuga sungura. Habari ya sungura iweke akilini, maana itarudi.

Hakuna fundi aliyeuchora uwanja huo tangu mwanzo. Wachezaji walikwenda hadi mwisho wa ukanda, wakageuka, wakarudi kwa mashimo yaleyale. Safari nzima ilikuwa ya mashimo 22. Mwaka 1764 manne ya mwanzo, yaliyoonekana mafupi mno, yaliunganishwa yakawa mawili. Na kwa kuwa yalichezwa kwenda na kurudi, jumla ikawa 18. Leo dunia nzima hucheza mashimo 18, na yamkini wako wanaodhani kuna siri kubwa katika idadi hiyo.

Kisha, mwaka 1848, ukatokea mpira uliofanywa kwa utomvu wa mti badala ya ule wa ngozi iliyoshindiliwa manyoya. Bei yake ilikuwa ndogo, na watu wengi wakaweza kucheza. Waliokwenda wakakutana na waliorudi, wote wakililenga shimo moja. Ingewezekana kuwafukuza wanyonge. Badala yake njia ilipanuliwa, na viwanja vya mashimo vikakuzwa hata kimoja kikaweza kubeba mashimo mawili. Hata leo viko saba vya namna hiyo: bendera nyeupe kwa anayekwenda, nyekundu kwa anayerudi, shimo la 2 pamoja na la 16, la 3 pamoja na la 15, na kila jozi jumla yake ni 18. Wageni husafiri kutoka mbali kuutazama upana ule wa ajabu. Asili yake ni watu waliolazimika kupishana. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, pale walikaa.

Lakini mwaka 1797 mji ulizongwa na madeni, na baraza lake likaiuza ardhi ile. Haukupita muda ikawa shamba la sungura wa biashara. Sungura wakachimba kila mahali, wenyeji wakawaua, kesi zikaenda mahakamani, na ugomvi ukadumu takriban miaka 20.

Usifanye haraka kumlaani mfugaji. Alilipa fedha zake, na sungura walikuwamo katika hati tangu zamani. Wala baraza halikuwa na hila: deni ni deni. Kosa basi li wapi? Mfikirie msimamizi wa mali ya yatima. Hawezi kuuza nyumba ya yatima alipe madeni yake mwenyewe. Hilo halina ubishi. Lakini je, kama deni ni la yatima? Hapo ndipo penye uzito, na jibu langu ni kwamba auze mavuno, asiuze shamba. Wazee wa baraza walishika madaraka kwa kitambo, na waliouza haki yao walikuwa pamoja na watu ambao hawajazaliwa, wasioweza kuulizwa.

Mwaka 1821 bwana mmoja wa jirani, James Cheape, aliinunua ardhi na kuiokoa kwa ajili ya gofu. Tumshukuru, ila anachokiacha tajiri kwa moyo wake mwema ni hisani, na mrithi wake aweza kuiondoa. Mwaka 1894 sheria ya Bunge iliuwezesha mji kuirudisha mikononi mwake, na tangu 1974 amana iliyoundwa kwa sheria ndiyo iitunzayo. Wageni hulipa fedha nyingi kucheza. Hayo ndiyo mavuno.

Nisikupambie mambo. Kando ya uwanja lipo jumba la chama mashuhuri kilichoanza mwaka 1754, ambacho si mwenye ardhi. Wanawake walikuwa na chama chao katika ardhi ileile tangu 1867, lakini jumba lile halikukubali wanachama wanawake hadi kura ya mwaka 2014. Ardhi ilikuwa ya wote, mlango haukuwa.

Jumapili ya kawaida uwanja haufunguliwi kwa gofu. Watu wa mji hutembea humo na watoto na mbwa wao. Siku nyingine, barabara ya umma hukatiza njia ya shimo la kwanza na la mwisho, na mchezaji, hata akiwa bingwa, husimama na fimbo yake mkononi mpaka mpita njia amalize kuvuka.