Mlilipa Ngapi?

Hakuna mtu wa kwetu Mukumu aliyewahi kurudi kutoka Mombasa akalikwepa swali hili: mlilipa ngapi? Bahari ilikuwaje, hilo litaulizwa baadaye kama muda upo. Bei ndiyo habari yenyewe. Na jibu hutegemea swali limeulizwa wapi. Baada ya Misa, pale uwanjani mbele ya kanisa la misheni, mtu hutaja bei kamili. Jioni, akiwa na ndugu zake jikoni, hutaja aliyolipa kweli, tena kwa majivuno zaidi: "Chumba cha elfu thelathini na nane, sisi tumelala kwa kumi na tano na nusu!" Mbele ya watu ni sifa kulipa nyingi, na mbele ya ndugu ni sifa kulipa kidogo. Mtu yule yule, Jumapili moja.

Hiyo kumi na tano na nusu ni yetu, mimi na mama watoto. Kijana wetu aliye Nairobi ndiye aliyeitafuta kwenye simu, katika tovuti mojawapo ya hizi zinazouza vyumba vya hoteli kwa bei ya kutupa. Alitutumia picha ya alichokiona: hoteli ya nyota tano kule Diani, bei ya shilingi 38,000 imepigwa mstari, na chini yake 15,500 kwa rangi nyekundu, usiku mmoja, watu wawili, kifungua kinywa na chajio ndani. Pembeni palikuwa na onyo kwamba kimebaki chumba kimoja tu, na kwamba kuna wengine wanaokitazama saa hiyo hiyo. "Baba, tuamue upesi," akaandika. Nimekuwa mwalimu karibu maisha yangu yote na sipendi kuharakishwa na mtu nisiyemwona. Lakini mama watoto alikuwa keshaanza kutafuta viatu vya wazi.

Mbinu hizo mbili, ule mstari na ile haraka, zimewahi kufika mbele ya wakubwa. Januari 2020 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba tovuti ya Trivago imekuwa ikiwapotosha wateja. Moja ya hoja ilikuwa kwamba bei iliyopigwa mstari wakati mwingine ilikuwa ya chumba cha kifahari, ilhali ile iliyoonyeshwa kando yake ilikuwa ya chumba cha kawaida katika hoteli hiyo hiyo. Mwaka 2022 ilitozwa faini ya dola za Australia milioni 44.7. Kule Uingereza, Februari 2019, mamlaka ya ushindani iliwabana Booking.com, Expedia, Agoda na wenzao hadi wakakubali kurekebisha mambo, mojawapo likiwa kusema wazi kwamba hao "wengine wanaotazama" huenda wanatafuta tarehe tofauti kabisa. Yaani wewe unatokwa jasho kuhusu Mei, na mwenzako anayekutisha anaulizia Krismasi.

Hata hivyo tulilipa, na sioni aibu yoyote. Mwenye hoteli hakutufanyia hisani. Chumba cha leo kisipolaliwa leo hakiwekwi ghalani kiuzwe kesho. Mama anayeuza mboga za saga pale sokoni Khayega anaijua hesabu hii kuliko mhasibu yeyote: saa tatu asubuhi fungu lina bei yake, giza likianza kuingia anakuita mwenyewe kwa jina la mtoto wako. Tofauti ni kwamba mama wa Khayega hushusha bei mbele ya kila mtu, na hoteli kubwa huona haya. Ndiyo maana Priceline ilipoanza Marekani mwaka 1998 ilikuja na ujanja wa kumwachia mteja ataje bei anayoiweza, lakini jina la hoteli asilijue mpaka awe amelipa. Hoteli ilipata mgeni, na wale waliolipa bei kamili hawakujua kwamba wanakunywa chai na mtu aliyelipa nusu. Kule nako, naona, kuna bei ya kanisani na bei ya jikoni.

Tulisafiri Mei, masika yakiwa yamepamba moto. Treni ilitushusha Miritini, gari likatupitisha barabara mpya ya Dongo Kundu bila kuionja ile foleni ya feri ya Likoni. Mapokezi yalikuwa ya kifalme: taulo baridi za kufuta uso, madafu, na kijana aliyetuita "bwana" na "bibi" kana kwamba tumeishi humo miaka. Nilimwuliza, kwa utani, kama kile chumba kimoja kilichobaki ndicho chetu. Alicheka kwa adabu. Jengo zima la upande wa kusini lilikuwa limefungwa, viti vya ufuoni vimepandishwa kimoja juu ya kingine na kufunikwa turubai. (Kwa haki, tovuti hupewa vyumba vyake vichache vya kuuza, kwa hiyo huenda kwao kilibaki kimoja kweli. Lugha ya biashara ina milango mingi ya kutokea.)

Kijana aliyetubebea mizigo adhuhuri ndiye aliyetuhudumia mezani usiku, na asubuhi nilimkuta na wavu mrefu akiondoa majani kwenye kidimbwi cha kuogelea. Mama watoto naye hakuweza kuacha kitanda kikiwa kimevurugika. Kila asubuhi alikitandika mwenyewe, akakunja taulo, akapanga viatu, ndipo akamfungulia mtu wa usafi. Nilimwambia kazi hiyo tumeilipia. "Tumelipia nusu," akanijibu, "na nusu nyingine naimalizia."

Nilikuwa na muda wa kufikiri, kwa kuwa mvua haikutuachia jambo jingine la kufanya. Pwani yetu haikuanza kuuzwa rahisi na simu. Tangu zamani, kampuni za utalii za Ujerumani na Uingereza zilinunua vitanda kwa jumla, zikajaza ndege za kukodi, zikauza ndege, kitanda na chakula kwa furushi moja. Mzungu wa kiwandani aliweza kulala Diani kwa bei ambayo karani wa Nairobi hakuonyeshwa kamwe, maana karani alikuja peke yake na kuulizia chumba kimoja mlangoni. Mwenye hoteli alianza kutubembeleza sisi Wakenya kila alipokimbiwa na wageni wake: baada ya machafuko ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, tena Mei 2014, serikali ya Uingereza ilipotoa tahadhari na kampuni za Thomson na First Choice zikawaondoa watalii wao Mombasa, tena 2020, korona ilipozisimamisha ndege. Bei za wenyeji zilitangazwa kwa sauti kubwa misimu hiyo. Sisemi hili kwa kinyongo. Nasema tu kwamba ile bei nyekundu haikuandikwa kwa sababu mtu fulani ameanza kutupenda.

Mambo haya yangekuwa ya vitabuni tu kama si binti wa jirani yetu.

Tuliporudi nilimkuta shambani kwa mama yake akipalilia mahindi, kitambaa kichwani, matope mpaka magotini. Huyu alisomea kazi za hoteli pale chuo cha Sigalagala, hatua chache kutoka kwetu, na amekuwa Pwani miaka kadhaa akitandika vyumba. Nikajua ana likizo. Akanisahihisha: mkataba umeisha. Mkataba wake ni wa miezi michache na una tabia ya kuisha Pasaka inapoisha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua anayefanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mzima huhesabiwa mwajiriwa mwenye haki zake, basi waajiri wengi wa hoteli wamejifunza kuandika mikataba mifupi inayofuata msimu. Wageni wakija Julai anaitwa, mvua ikinyesha anarudishwa kwao. Basi la usiku linalomleta Khayega mwezi wa Aprili hupishana njiani, kwa namna fulani, na watu kama mimi wanaokwenda kulala kwa nusu bei.

Hapo ndipo moyo ulipotaka kuninyong'onyea. Nilianza kuona kwamba zile shilingi elfu ishirini na kitu nilizopunguziwa zimetoka mfukoni mwa huyu mtoto. Nilimwambia hivyo, kwa maneno mazito ya kialimu.

Alinitazama kama mtu anayesikia hesabu imekosewa ubaoni. "Mwalimu, mimi sikurudishwa kwa sababu nyinyi mmekuja," akasema. "Nimerudishwa kwa sababu wengine hawakuja." Akaegemea jembe, akanieleza jinsi mambo yanavyokwenda kule. Msimamizi wa vyumba huwa na orodha ya namba za simu. Vyumba vikifika idadi fulani, anaanza kupiga, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Binti huyu anajua yuko nafasi ya ngapi. Wikendi moja ya Madaraka, kundi la walimu wa shule za msingi walijaza hoteli kwa bei ambayo hata meneja aliitaja kwa kunong'ona, naye akaitwa, akafanya kazi mpaka wakaondoka. Walimu hao hawakununua hata soda ghali. Kwake walikuwa wageni wazuri kabisa. "Tajiri anayekuja Desemba ananikuta niko kazini tayari," akasema. "Nyinyi wa bei rahisi ndio mnaoniitisha."

Sikuwa nimewahi kulisikia likisemwa hivyo, na nimesoma makala nyingi za watu wenye uchungu kuhusu utalii wa bei rahisi. Haimaanishi kwamba mikataba ile ni ya haki. Mtu aliyesomea kazi, anayeijua, anayeitwa na kurudishwa kama maji ya bomba, anastahili mapatano bora kuliko orodha ya simu. Ila kukaa kwangu Mukumu kwa huruma kusingempa siku moja ya ujira.

Aliloliona baya yeye ni jambo jingine, nami sikulitarajia: dalali. Sisi wa Isukha, huku kwetu, tunawajua madalali. Ukipeleka ng'ombe soko la Shinyalu utawakuta, na wana haki yao, maana hukuletea mnunuzi ambaye usingempata. Tovuti hizi nazo ni madalali, na kamisheni yao kwa kawaida ni kama asilimia 15 ya bei, hoteli nyingine zikitoa 20 na zaidi. Tulikaa ukingoni mwa shamba tukapiga hesabu. Katika zile 15,500 zetu, asilimia 15 ni shilingi 2,325 kwa kila usiku. "Hiyo ni zaidi ya siku zangu mbili," akasema, na hakusema kwa hasira. Dalali wa Shinyalu angalau hukanyaga mavi ya ng'ombe pamoja nawe. Huyu mwingine yuko Amsterdam au Seattle, na mvua ya Diani haimloweshi.

Basi akanipa ushauri ambao sasa naugawa bure kwa yeyote anayeniuliza bei: tazama kwenye tovuti, linganisha, soma wageni wa nyuma wamesema nini kuhusu maji na mbu, kisha funga, utafute namba ya hoteli yenyewe, upige. Hoteli itakayopokea 13,175 kupitia dalali haiwezi kukasirika ukiiahidi 14,000 mkononi. Kijana wangu haupendi ushauri huu. Anasema kupiga simu ni kupoteza muda, na kwamba tovuti ikikuangusha unaweza kuilalamikia. Ana hoja. Ukituma pesa kwa namba usiyoijua, umejitafutia, na matapeli wamejaa. Lazima uhakikishe namba ni ya hoteli kweli, na risiti uidai kabla ya kupanda gari.

Lakini mimi ni mtu wa kubishana bei na sauti inayojibu. Kwa hiyo mama watoto aliposema mwaka huu angependa kurudi, tena akiwa na dada yake, nilipiga. Aliyepokea alikuwa na Kiswahili kile laini cha mapokezi, akanitajia bei ya ukutani bila kutetereka. Nikamtajia niliyoiona kwenye simu. Akakohoa kidogo. Akauliza natoka wapi, nikasema Mukumu, na ule ulaini wote ukaanguka: "Mukumu ya Khayega? Mulembe, papa!" Kumbe ni wa Shinyalu, na mama yake alijifungulia watoto wote katika hospitali yetu ya misheni. Tulikubaliana 14,000 kwa usiku, na chakula cha mchana cha Jumapili juu yake. Nilimwuliza pia kuhusu orodha ya simu ya msimamizi wa vyumba. Akasema anaijua, ila si yeye anayeishika.

Kabla ya kukata akaniomba tumbebee unga wa wimbi wa nyumbani, kilo chache, kwa sababu ule wa huko Ukunda haumpendezi. Nikamwambia sawa, atalipa. Akauliza kilo ni ngapi siku hizi pale Khayega. Nikamtajia, na tukabishana juu ya unga ule kwa muda mrefu kuliko tulivyobishana juu ya chumba, yeye akishikilia kwamba ninamtajia bei ya watalii.