Risasi ya Kumi na Moja

Swali nililoulizwa na mwamuzi siku ile lilikuwa fupi. "Ile ya tatu uliipiga kwa sababu uliona umekosa?" Nikajibu, "Ndiyo, niliona kama nimekosa." Akaandika muda wangu kwenye karatasi bila adhabu, nasi tukasogea kwenye kituo kilichofuata. Hayo yalitokea mwaka 2006, katika jimbo la Ohio, Marekani, na tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi kama nilichosema kilikuwa kweli.

Yafaa nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana ndugu zangu wa Tanga wakisikia kwamba nilikuwa nikishindana kwa bastola hunitazama kama mtu aliyeangukia katika kundi baya. Mimi mwenyewe, kabla sijahamia Marekani, silaha pekee niliyopata kushika ilikuwa bunduki ya mafunzo ya JKT, na siku ya kuirudisha nilishukuru. Jirani yangu kule Ohio ndiye aliyenipeleka uwanjani Jumamosi moja, nikiwa sina la kufanya, nikajikuta nimenasa.

Mchezo huu hauchezwi kwa kusimama mahali pamoja na kulenga duara. Mchezaji hupita kati ya kuta za mbao, milango na mapipa, akipiga shabaha za maboksi kwa utaratibu aliosomewa kabla, huku mwamuzi akimfuata nyuma na saa ndogo inayosikia kila mlio wa risasi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSC, lilianzishwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, Missouri, na wito wake ni maneno matatu ya Kilatini ambayo maana yake ni usahihi, nguvu na kasi. Pointi zako hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Mwenye jawabu kubwa ndiye mshindi. Hesabu hiyo haiulizi ulikuwa unafikiri nini.

Kadiri miaka ilivyopita bastola za mashindano hayo zilibadilika, zikawa na darubini juu na vifaa vya kuzuia mtutu usiruke, mpaka hakuna mtu ambaye angeweza kuzifunga kiunoni na kwenda nazo sokoni. Baadhi ya wachezaji hawakupendezwa, na mwaka 1996 wakaanzisha chama kingine, IDPA, wakitaka bastola za kawaida, zilizofichwa chini ya nguo, na mchezaji anayejikinga nyuma ya kitu kama ambaye angepigwa risasi kwelikweli. Huko ndiko nilikokuwa mimi.

Sasa, katika kitabu cha kanuni cha chama hicho mna adhabu moja ambayo sijaona mfano wake katika mchezo mwingine. Kosa la utaratibu, kama vile kupiga shabaha kwa mpangilio usio wake, lina sekunde 3. Lakini iko adhabu nyingine ya sekunde 20, na jina lake kwa Kiswahili ni "kushindwa kutenda yaliyo sawa". Haihusu hasa mkono wako ulifanya nini. Inahusu kwa nini ulifanya. Katika mchezo ambao watu hupishana kwa sekunde moja au mbili, ishirini ni sawa na kuambiwa urudi nyumbani.

Kwa kanuni tulizotumia wakati ule, moja ya makosa yaliyostahili adhabu hiyo lilikuwa kumwaga risasi: kupiga risasi isiyohitajika ili bastola ikaukie mahali unapopataka wewe. Bastola yangu iliruhusiwa risasi 10 katika magazini na 1 ndani ya chemba, jumla 11. Katika kituo kile zilikuwapo shabaha 5 nyuma ya ukuta wa kwanza, kila moja risasi 2, jumla 10. Shabaha ya sita ilikuwa ya kuchomoza: inatokea kwa kitambo kidogo na kutoweka, nayo pia inataka risasi 2. Fanya hesabu. Ukifuata sawasawa, unafika kwenye ya sita na risasi moja tu. Njia safi ilikuwa kubadilisha magazini taratibu palepale nyuma ya ukuta, ile ya zamani ukiihifadhi mfukoni, jambo linalokula muda. Njia ya mkato ilikuwa kupiga moja ya ziada kwenye shabaha ya tano. Bastola inakauka, unaruhusiwa kuangusha magazini tupu chini, unachomeka nyingine kwa haraka, unakwenda.

Kwa upande mwingine, risasi ya ziada yenyewe haikukatazwa. Ukidhani umekosa, ruksa upige tena, na mbili zilizo bora ndizo zitakazohesabiwa. Kwa hiyo watu wawili waweza kusimama mahali pamoja, wakapiga risasi tatu zenye mlio uleule, mmoja akawa mchezaji makini na mwingine akastahili sekunde 20. Tofauti yao haimo katika saa wala katika tundu. Mwalimu wetu wa chuo alitufundisha utotoni kwamba mtu aweza kushinda na njaa kutwa nzima asiwe amefunga, kwa kuwa hakutia nia. Sikutegemea kukutana na somo lile kwenye uwanja wa bastola, miongoni mwa watu wenye kofia za kampuni za matrekta.

Nilipokuwa natembelea kituo kabla ya zamu yangu niliihesabu ile risasi ya kumi na moja. Hilo sina haja ya kulificha. Nikaifikiria, nikaiacha, nilijiambia nitabadilisha magazini kwa utaratibu. Kisha saa ikalia. Kwenye shabaha ya tano kidole changu kilivuta mara tatu. Nilipoona bastola imekauka, sehemu ya moyo wangu ilishtuka na sehemu nyingine ilifurahi, na mikono ilikwishaanza kazi. Tulipokwenda kukagua, matundu matatu yalikuwa katikati ya boksi, yamekaribiana. Mwamuzi akayatazama, akanitazama, ndipo akauliza.

Nimejitetea kwa njia nyingi. Kwamba nilikuwa nimekwishaiacha ile fikra, hivyo haikuwa nia yangu tena. Kwamba mwili uliozoeshwa hutenda kabla ya akili, na hapakuwa na muda wa kuamua chochote. Hoja hizi si za kipuuzi. Nadhani ni kweli kabisa kwamba sijui kama nilikusudia kuvuta mara ya tatu. Lakini mwamuzi hakuniuliza kama nilikusudia. Aliniuliza kama niliona nimekosa, na hilo nililijua: sikuona. Wala sikutazama. Jawabu la haki lilikuwa "sijui kwa nini nimepiga", ambalo lingemwachia yeye uamuzi na mimi hatari ya sekunde 20. Badala yake nilichagua maneno yaleyale ambayo kanuni iliyasamehe. Risasi huenda haikuwa na nia. Jawabu lilikuwa nayo.

Nilishinda katika daraja langu kwa tofauti isiyofika sekunde 4. Wa pili alikuwa mzee mmoja dereva mstaafu wa malori, aliyekuja kunipa mkono na kuniuliza habari za Tanga, mji ambao alikuwa amejifunza kuutamka vizuri kwa ajili yangu.

Wako wachezaji waliochukia kanuni hii, na kabla ya siku ile nilikuwa mmojawao. Tulisema mwamuzi hakupewa uwezo wa kusoma mioyo, na kwamba kanuni isiyoweza kuthibitishwa humwadhibu mkweli na kumpa zawadi mwenye ulimi. Kesi yangu mwenyewe ni ushahidi wa hoja hiyo. Hata hivyo nimebadili mawazo. Tulikuwa tukiipima kanuni kana kwamba imeandikwa kwa ajili ya mwamuzi. Kama ningekuwa nacheza katika mashindano yale mengine, ningepiga risasi tatu, ningebadilisha magazini, na ningelala usingizi. Pasingekuwapo neno la kusema uongo juu yake. Kanuni hii haikunizuia, lakini ilinilazimisha nifungue mdomo.

Tena zitazame zile daraja zenyewe. Wachezaji hupangwa kwa uwezo, ili anayeanza asishindane na bingwa, na uwezo hupimwa kwa mtihani: wakati ule risasi 90, katika sehemu tatu za risasi 30. Mpango mwema, lakini unatoa thamani kwa udhaifu. Tulikuwa na mtu klabuni ambaye siku ya mtihani mikono yake ilikuwa mizito ajabu, na siku ya mashindano ilipona. Kila mmoja alijua na hakuna aliyeweza kusema, kwa sababu kushindwa hakuna alama inayoonyesha kama ni kwa kweli au kwa kusudi. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 wachezaji 8 wa badminton walifukuzwa mashindanoni kwa kupoteza makusudi ili wapate mpangilio mzuri zaidi, lakini wale walipiga mpira wavuni hadi watazamaji wakazomea. Fundi wa kushindwa hazomewi. Hupewa pole.

Nilikuwa nikimsema sana mtu yule. Baada ya 2006 nilinyamaza.

Mwezi uliofuata nilimwendea mwamuzi mapema, kabla watu hawajajaa, nikamweleza yote kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema matokeo yamekwishafungwa na muda wa kukata rufaa umepita, na kwamba alikuwa ameyaona matundu. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniadhibu. Akasema, "Niliuliza, ukajibu." Akanipa rundo la vibandiko, kwa kuwa shabaha zilikuwa bado hazijazibwa, nami nikaanza kuziba.

Yule mzee sikumwambia. Alikuwa uwanjani siku hiyohiyo, vituo viwili kutoka nilipokuwa, na nilimwona.