Mtaka cha mvunguni: methali ya watu warefu

Shuleni methali hii hufafanuliwa kwa sentensi moja: mtaka cha mvunguni sharti ainame, yaani anayetaka kitu lazima ajitaabishe. Mwanafunzi anapata alama zake, darasa linasonga mbele. Maelezo hayo hayana kosa, ila yanaipunja methali. Kama shabaha ingekuwa taabu peke yake, wahenga walikwishatuachia nyingine za kutosha. Mchumia juani hulia kivulini. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Hizo zinasifu jasho. Hii ya mvunguni haimdai mtu jasho hata tone. Kandambili iliyoingia chini ya kitanda haihitaji misuli. Inahitaji mtu apunguze kimo chake kwa muda.

Tazama vitanda vyenyewe. Katika nyumba za zamani za pwani samadari ilisimama juu ya miguu mirefu, na chini yake palikuwa ghala: sanduku la nguo, mkeka uliokunjwa, mtungi, viatu vya sikukuu. Mtoto aliyeanza kutembea juzi huingia humo wima na kutoka wima. Methali haisemi naye. Inasema na aliyekwishakua, ambaye kimo kilichompa heshima barazani ndicho kinachomzuia pale. Kwa hiyo naiona kuwa ni methali ya mtu wa miaka arobaini na kitu, hamsini, mwenye kazi, jina na wasaidizi, ambaye siku moja anatambua kwamba ujuzi anaouhitaji umeshuka chini ya kiwango cha macho yake.

Iko njia ya mkato, na kila nyumba inaijua: unamwita mtoto. "Hebu mwanangu, niingilie humo mvunguni unitolee kandambili." Maofisini njia hii imestawi mno. Watumishi wa umma Tanzania walipohamishwa kutoka fomu za karatasi za OPRAS za kupima utendaji kazi kwenda mfumo wa kompyuta wa PEPMIS, ambako kila mmoja anatakiwa kuingia mwenyewe na kujaza kazi zake, wapo waliokaa wakajifunza, na wapo waliowapa vijana wa steshenari namba zao na nywila zao wawajazie. Wengine walikuwa na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, binti wa miaka ishirini na mbili, anayeitwa kila baada ya robo saa: "Hebu njoo, kitu chako hiki kimekataa tena." Sikiliza hilo "chako". Mkubwa amekwishaamua kuwa mfumo ni mali ya watoto, na kwamba yeye anaazima tu.

Ubaya wa kumtuma mtoto hauko katika uvivu. Uko hapa: aliyetumwa ndiye anayejua mvunguni kuna nini. Anayeagiza hupokea alicholetewa, hana la kuhoji. Ripoti ikija na tarakimu zilizopinda, ataisaini.

Niliwahi kukaa kwenye gereji moja Ilala nikisubiri gari, nikamwona fundi wa rika la wazazi wetu, mtu aliyejifunzia kazi enzi za kabureta na pointi, alipokuwa anaanza kama spana boi wa watu. Mbele yake palikuwa na Toyota IST iliyowasha taa ya injini. Magari ya namna hiyo yana kompyuta inayohifadhi makosa kwa namba, na namba hizo husomwa kwa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kisha simu inaonyesha. Kijana wake alikuwa na kifaa. Mzee akakiomba. Akapiga goti, kichwa kikaingia chini ya dashibodi, akapapasa akiitafuta soketi huku kijana akimwelekeza: "Kushoto kidogo, mzee. Hapo hapo."

Simu ikaleta P0171.

"Maana yake nini?"

"Mchanganyiko una hewa nyingi, petroli kidogo. Hiyo ni oksijeni sensa tu, mzee, tunaibadili."

"Sensa imesemwa na simu, au umesema wewe?"

Kijana akasoma tena. Simu ilikuwa imetaja mchanganyiko peke yake. Mzee akafungua boneti, akaagiza injini iwashwe, akatega sikio upande hewa inapoingilia. Palikuwa na mluzi mwembamba. Mpira mmoja wa hewa ulikuwa umepasuka ubavuni, unavuta hewa isiyopimwa na kompyuta. Ulipobadilishwa, kijana akanyoosha mkono achukue simu afute ile namba. Mzee akaikumbatia. "Niambie nibonyeze wapi." Akabonyeza pasipopasa, akarudi, akabonyeza tena. Wateja tulikuwa tunatazama, na hakuonekana kujali.

Watu husifu sikio la mzee katika kisa kama hiki, kana kwamba ushindi ni wa ujuzi wa kale dhidi ya simu. Mimi kilichonivutia ni lile swali. Asingeweza kuuliza "imesemwa na simu, au umesema wewe?" kama angekuwa amesimama kando, mikono mfukoni, akisubiri jibu la kijana. Aliyeinama hakuiacha miaka yake mlangoni. Aliingia nayo mvunguni, ikamfaa humo. Hofu ya wengi wetu ni kwamba ukikubali kuwa mwanagenzi kwa jambo moja, watu watakuhesabu mwanagenzi kwa yote. Gereji ile ilionyesha kinyume chake.

Lakini methali hazikai peke yake, na hii ina mpinzani mkali: samaki mkunje angali mbichi. Ndiyo wanayoikimbilia watu wazima wanapoletewa jambo jipya. "Sisi tumeshakauka, wafundisheni watoto." Husemwa kwa kicheko, tena kwa unyenyekevu wa kuigiza, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo kwa sababu nani abishane na wahenga?

Tubishane kidogo. Katika methali ya samaki, anayekunja ni nani? Ni mtu mwingine. Samaki hana hiari wala hamu. Amelazwa, mikono ya mpishi inamfanyia kazi. Ni methali ya malezi, inamwambia mzazi awahi. Katika methali ya mvunguni hakuna mpishi. Yuko mtu mmoja mwenye haja, na kiuno chake mwenyewe. Inaanza na "mtaka", na asiyetaka hakusemeshwa. Ndiyo tofauti kati ya kumfundisha mtoto na kujifunza ukubwani: mtoto hupelekwa shule, mtu mzima hujipeleka. Anayejiita samaki mkavu anaitumia methali ya wazazi kujitoa katika methali inayomhusu yeye. Sikatai kwamba viungo hukaza. Kumbukumbu ya miaka hamsini hainasi maneno mapya kama ya miaka kumi. Ila methali haikusema ainame upesi.

Mfano wa aliyejipeleka mwenyewe ukubwani ni mwimbaji Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Aliuza vyungu, akiimba kunadi bidhaa yake, na sauti hiyo ilitosha kabisa kwa biashara ya vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, umri umefika thelathini au karibu yake, wakati ambapo mwanamke wa zama zile alihesabiwa kuwa maisha yake yamekwishapangwa. Huko akawa mwanafunzi wa Ali Muhsin wa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa: nyimbo za Kiarabu, kuimba sambamba na ala, adabu za jukwaa. Hebu fikiri mtu ambaye vijiji vimekwishamsifu kwa sauti yake akiambiwa arudie mstari mmoja kwa sababu amekosea matamshi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na taarabu ya Kiswahili ikatoka nje ya kumbi za wakubwa. Mwandishi Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili wasifu, akauandika. Husifiwa kwa kipaji, na alikuwa nacho, lakini kipaji alikuwa nacho tangu enzi za vyungu.

Sasa, tusimlaumu mrefu peke yake. Kuna nyumba ambazo ukiinama watu hucheka. Kuna ofisi ambako mkuu wa idara akiuliza jinsi ya kupakia kiambatisho, swali lake litakuwa limefika kantini kabla ya saa nne. Kuuliza si ujinga, tunasema, halafu tunamtazama muulizaji kwa jicho la pembeni. Vijana nao wana lao: wapo wanaofundisha kwa kunyang'anya kipanya, wakabonyeza mara tano kwa kasi na kusema "si umeona?" Mzee hakuona kitu. Yule kijana wa gereji aliyesema "kushoto kidogo, mzee" alikuwa mwalimu kuliko wengi wenye vyeti, kwa kuwa mikono yake aliituliza.

Na semina zetu zimepangwa kwa ajili ya watu waliosimama. Mgeni rasmi anafungua, anapigwa picha, anaondoka. Wakuu wanakaa viti vya mbele, mbali na kompyuta, ambazo ziko nyuma karibu na soketi za umeme pamoja na makarani. Jioni wote wanasaini karatasi moja ya posho. Mimi ningeanza kwa kuondoa meza kuu. Mkurugenzi akae benchi moja na karani wa masijala, aingie kwa nywila yake mwenyewe, kosa lake lionekane kwenye kioo kama la mwenziwe. Mgeni rasmi naye, akimaliza kufungua, avue koti abaki.