Kumlilia Asiyekuwapo

Mwaka 1956, mtambaji wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke alitamba kisa cha Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, huku mtafiti Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika. Wanyanga si wageni kwetu sisi wa Tunda, huku Maniema. Kwao, Walikale, ni kaskazini-mashariki ya Maniema, na msitu wao umeungana na wetu. Waliokaa kumsikiliza Rureke hawakuwa wakilisikia jina la Mwindo kwa mara ya kwanza. Waliitikia nyimbo, walimtuza, walijua kijana angefika wapi. Hata hivyo waliingiwa na wasiwasi juu yake.

Tazama mahali pamoja tu. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, amewakataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa akitembea, akisema, usinga mkononi. Baba anamrushia mkuki, anamkosa. Anamzika hai, mtoto anatoka. Mwishowe anamtia ndani ya ngoma, anaifunika kwa ngozi na kuitupa mtoni. Ngoma haizami. Inaelea, na ndani yake mtoto anaimba kwamba anakwenda kwa shangazi yake, Iyangura. Katika nyimbo hizo mtambaji hasemi "yeye", husema "mimi". Kwa kitambo hicho mzee aliyesimama mbele ya watu ndiye mtoto aliyefungiwa gizani, anayekataliwa na baba yake mzazi. Nani atamsikiliza bila moyo kumwenda mbio?

Mwanafalsafa Mwingereza Colin Radford aliuliza mwaka 1975 inakuwaje tuguswe na masaibu ya Anna Karenina, mhusika wa riwaya, ilhali tunajua hakuwahi kuishi. Alihitimisha kwamba machozi hayo ni ya kweli lakini yanapingana na akili. Simkubalii. Radford anadhani huruma huanza kwa kuuliza kama mtu yupo. Nijuavyo mimi, huruma haidai cheti cha kuzaliwa. Huuliza jambo jingine kabisa: je, ninamjua?

Na mhusika aliyeumbwa vizuri tunamjua kuliko jirani. Jirani hukupa salamu na uso wake, basi. Yaliyo moyoni huyaweka kwake, na ana haki. Lakini chukua Rosa Mistika wa Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1971 iliyozuiwa mashuleni kwa muda. Baba yake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na anaamini kwamba amemlinda. Msomaji peke yake ndiye anayeona kipigo kile kimeacha nini ndani ya binti, na jinsi hofu ile inavyomfuata mpaka chuoni, mpaka siku anapojiua. Tunajua yote, na hatuwezi kumwambia neno. Nadhani nguvu ya kumpenda mhusika imejificha hapo. Ni ujuzi uliotimia katika mikono isiyoweza kusaidia.

Tena si wema unaotufunga kwake. Mwindo mshindi ninamsifu tu. Nilianza kumpenda pale alipokosea: ameua joka Kirimu bila kujua kwamba ni rafiki wa Nkuba, radi, naye Nkuba anamchukua juu mbinguni, ambako anateswa mwaka mzima kwa mvua, jua na baridi. Yule mwenye majivuno anarudi nyumbani akiwa amefundishwa. Na hata kabla ya hapo alikwisha kumsamehe Shemwindo, baba aliyemfungia ngomani, akamrudishia heshima yake. Mtu ambaye hawezi kukosa hatuna sababu ya kumhofia.

Lawama nzito zaidi kuliko ya Radford imetoka Afrika hii hii. Augustino, mzaliwa wa Thagaste, katika Algeria ya leo, aliandika katika Maungamo yake kwamba utotoni alimlilia Dido, malkia wa kwenye shairi, huku macho yake yakiwa makavu juu ya kifo cha roho yake mwenyewe. Kwake, machozi yale yaliibiwa mahali yalipostahili kuangukia.

Huku Maniema neno hilo linauma. Mwaka 2008 shirika la International Rescue Committee lilikadiria kwamba vita vya Kongo na maradhi na njaa vilivyoletwa navyo viliua watu milioni 5.4 tangu 1998. Msomaji anaweza kuipita namba hiyo kwa jicho kavu, kisha usiku uleule akamlilia Rosa. Ni aibu? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu langu ni hapana. Rosa hakuwapora wafu wetu kitu. Aliyelizwa na Rosa ameonyesha kwamba moyo wake ni mzima. Namba ndiyo iliyomnyima mtu wa kumlilia, maana haisemi mmoja wao aliogopa nini, alibeba nini alipokimbilia msituni, wala alimkosea nani akafa kabla ya kuomba radhi. Rureke alihitaji siku 12 kwa kijana mmoja.