Haki ya Paka Mzee na Kipimo cha Dawa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, huenda mtu akaona ajabu kwamba waraka wa dini umeandikwa kwa ajili ya paka. Asione ajabu. Dini yetu haikuacha chenye roho ila imekiwekea haki yake, na haki ya mnyama huulizwa yule anayemfuga, kwani mnyama hana ulimi wa kushitakia.

Tuseme mtu wa Kalinzi, huko vilimani kaskazini ya Kigoma penye mibuni na migomba, ana paka aliyemlindia mahindi na maharage yake yasiliwe na panya kwa muda wa miaka 13. Sasa paka amekuwa mzee, na ufizi wake umeingia usaha. Daktari wa mifugo amempa antibiotiki, yaani dawa ya kuua vijidudu, asubuhi na jioni kwa siku 7. Siku ya tatu paka amelegea na chakula hataki. Bwana yule ameingia shaka: dawa imemzidi kwa uzee wake, aipunguze? Au imekuwa haba, aiongeze? Na jirani amwambia, "Bwana wee, ya nini taabu yote hii? Mpe kile kidonge cha mtoto kilichobaki, yaishe."

Jibu la mas'ala haya li katika mambo matatu.

La kwanza ni kujua kwamba paka ni amana. Imepokewa na Bukhari na Muslim khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia ndani, asimlishe wala asimwachilie ajitafutie riziki yake. Kinyume chake, Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe, na alipotazamwa kwa mastaajabu alieleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ameweka nafaka ya mnyama kuwa wajibu juu ya mwenyewe. Basi paka aliyekula panya wako alipokuwa na nguvu, si halali kumtupa porini kwa kuwa meno yake yamekwisha.

La pili ni kujua kwamba dawa haina faida ila kwa kipimo chake. Muslim amepokea kwa Jabir kwamba kila ugonjwa una dawa, na dawa ikiupata ugonjwa, mgonjwa hupona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, alipoeleza katika Zadul Maad khabari ya asali aliyopewa mtu mwenye maradhi ya tumbo, alibainisha kwamba dawa ikipungua kipimo haiondoi ugonjwa, na ikizidi hudhoofisha nguvu za mwili.

Sasa tupime maneno ya jirani. Mtu mzima wa kilo 60 akimeza amoksilini ya miligramu 500, amepata kama miligramu 8 kwa kila kilo ya mwili wake. Paka wa kilo 3 akipewa ya miligramu 250, amepata zaidi ya miligramu 80 kwa kila kilo, nayo ni mara kumi. Na chupa za sindano za ng'ombe ni khatari zaidi: oksitetrasaiklini ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita, na ya asilimia 20 ina 200, atakayevuta sindano kwa mazoea bila ya kusoma chupa atakuwa amezidisha maradufu. Tena paka si mtu mdogo. Parasetamoli, tunayoimeza kwa maumivu ya kichwa, kwake ni sumu ya kuua. Enrofloksasini ikipita miligramu 5 kwa kilo kwa siku yaweza kumpofua macho. Na paka mzee mara nyingi figo zake zimedhoofika, na dawa nyingine hukawia mwilini mwake; basi kipimo cha kijana huenda kisimfae.

La tatu ni kujua kwamba kubahatisha ni kudhuru, na kudhuru kumekatazwa. Imepokewa na Abu Daud kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa atakachokiharibu. Wala madhara hayaishi kwa paka. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dawa ikitolewa haba, vijidudu huizoea na kuishinda. Na wataalamu walikisia kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya vijidudu vilivyoishinda dawa. Basi mwenye kumkatia paka dawa kwa rai yake huenda anamkosesha dawa mtoto wa jirani.

Kwa hiyo twamwambia bwana yule: usipunguze, usiongeze, wala usiache kwa rai yako. Mtie paka kikapuni, umpime kwa mizani ya kahawa, kisha utoe uzito wa kikapu. Rudi kwa daktari siku ile ile, kwani paka asiyekula siku mbili tatu ini lake laweza kuharibika. Mweleze uzito wake, umri wake, na kama anakunywa maji na kukojoa kuliko desturi, kwani hiyo huwa alama ya figo. Yeye ndiye wa kubadili dawa au kipimo. Ukisahau kipimo kimoja, usitoe viwili pamoja. Na kilichobaki usikiweke akiba kwa mgonjwa mwingine.

Na kama huna fedha za dawa, Mwenyezi Mungu hakalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Watoto wako wana haki mbele ya paka. Walakini umasikini haumhalalishii mtu kunywesha asichokijua. Mpe maji, mpe chakula laini, mpe pahala pakavu penye joto. Daktari akisema hakuna dawa tena, mwache amalize siku zake nyumbani kwako kwa upole. Hayo hayana gharama, na katika kila chenye uhai mna thawabu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuzichunga amana zetu, zenye ulimi na zisizo na ulimi. Amin. Wallahu aalam.