Tomaso Aliomba Makovu

Ukiuliza maswali mengi kanisani unaitwa Tomaso, na si kwa sifa. Lakini hebu soma tena Yohana 20, pole pole. Jamaa hakuomba muujiza. Hakutaka mtu atembee juu ya maji. Alitaka kuona alama za misumari na ubavu uliochomwa mkuki, basi. Na Yesu, kabla hajamrudi kwa neno lolote, alimnyooshea mikono.

Hilo hunisumbua kuliko swali la kama kaburi lilikuwa tupu kweli. Mwili uliofufuka unaingia chumbani milango ikiwa imefungwa, lakini bado una matundu. Mungu anayeweza kumtoa mtu kaburini hashindwi kuziba matundu. Kwa nini ayaache?

Sisi huwa tunamtambua Yesu kwa kanzu. Mwaka 1988 gazeti la Kenya Times lilichapisha picha za mwanamume mwenye kanzu nyeupe na kilemba aliyetokea kwenye maombi ya Mary Akatsa pale Kawangware, na watu wakaamini ni yeye. Huku magharibi tuna Yesu wa Tongaren, aliyekamatwa na polisi Mei 2023 kisha akaachiliwa. Tulicheka sana. Wengine walitania eti asulubiwe Pasaka tuone kama atafufuka. Kipimo cha Tomaso ni kizito zaidi: nionyeshe ulipoumizwa.

Na ukiwa Eldoret, huwezi kuongea kuhusu kuumizwa bila kufika Kiambaa. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God huko, nje kidogo ya mji, walichomewa ndani. Wengi walikuwa akina mama na watoto, Wakikuyu. Mwaka 2009 Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliwaachilia washtakiwa wanne na kulaumu uchunguzi wa polisi. Nchi nzima, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133.

Tangu hapo tumeimbiwa amani kila uchaguzi. Amani, kwa lugha ya hapa, ni kunyamaza. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa rais Mei 2013. Machi 2015 Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni na kuahidi hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Ukiuliza yaliyofuata, unaambiwa unafukua makaburi. Maneno ya ajabu hayo, kwa watu ambao imani yao yote inasimama juu ya kaburi lililofunguliwa.

Sawa, kuna upande mwingine, na si wa kijinga. Mwenye ploti Langas ana wapangaji wa makabila manne wanaotumia bomba moja la maji. Ananyamaza ili kesho wote waamke salama. Huyo simlaumu. Tena tumeona wanasiasa wakitembeza maumivu ya watu kama bidhaa, wapate kura. Lakini kidonda si kovu. Kidonda ukikigusa kinatoa damu. Kovu limefunga, unaweza hata kuliwekea kidole, ila halikanushi kilichotokea. Wahenga nao walituonya: mwenye kovu usidhani kapoa.

Angalia basi vile Yesu alifanya. Aliwasalimu kwa amani, halafu papo hapo akawaonyesha mikono. Hakutaja kisasi, na pia hakuficha mikono mfukoni ndio mkutano uende vizuri. Kingine ni wale alioamua kuwaonyesha. Hakwenda kwa Pilato wala kwa askari. Alienda kwa marafiki, wale waliotoroka wakajifungia kwa woga. Hapo ndipo wengi wetu tuko. Hatukuchoma wala hatukuchomwa. Tulifunga milango, na wengine wetu tulikuwa watoto nyuma ya milango hiyo.

Kila Ijumaa Kuu Wakatoliki hutembea Njia ya Msalaba, vituo 14, na cha mwisho ni pale Yesu anapozikwa. Ningependa siku moja kituo hicho kiwe Kiambaa, na Wakristo wa makanisa yote waje, wa makabila yote. Mahubiri yasiwe marefu. Waliookoka moto ule bado wapo, na wakitaka, wasome majina wao wenyewe.