Hiba ya Mistari 11

Tarehe 22 Machi 2016, Azer Koçulu, mtengenezaji programu aliyekuwa akiishi California, aliondoa vifurushi vyake vyote kwenye npm, ghala ambalo watumiaji wa JavaScript duniani kote huchota humo msimbo uliokwisha kuandikwa na wenzao. Vilikuwa zaidi ya 270. Alikuwa amevutana na kampuni ya Kik juu ya jina la kifurushi kimoja, na npm ikaamua jina liende kwa kampuni. Kati ya alivyoviondoa kilikuwamo left-pad, mistari 11 tu, kinachojaza nafasi kushoto mwa maandishi mpaka yafikie urefu unaotakiwa. Babel, programu ya kugeuza msimbo wa JavaScript, ilikitegemea kupitia kifurushi kingine, na miradi isiyo na idadi iliitegemea Babel; nayo ikakwama. Wengi waliokwama siku ile hawakuwa wamewahi kulisikia jina la left-pad.

Utegemezi hutangazwa upande mmoja. Anayehitaji huandika kwenye faili jina la kifurushi na matoleo anayoyakubali; akiandika ^1.2.3, amekubali lolote kuanzia hilo hadi kabla ya 2.0.0. Programu ya kusimamia vifurushi husoma orodha hiyo, kisha orodha za kila kilichotajwa humo, ikitafuta matoleo yasiyogongana. Anayetegemewa haulizwi, wala hana habari.

Je, anadaiwa nini?

Mafakihi wa Kiislamu waliujadili mzizi wa swali hili kabla ya kompyuta. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hiba ikishapokewa hairudishwi, isipokuwa mzazi kwa mwanawe. Wahanafi wanaruhusu irudishwe, japo kwa karaha na kwa masharti. Kwa kipimo cha Shafi, npm haikukosea ilipokirejesha left-pad baada ya saa chache. Hata leseni yake ilimruhusu yeyote kukifanyia atakalo. Lakini Koçulu hakumnyang'anya mtu nakala aliyokwisha kuichukua. Alichokataa ni kuendelea kugawa, na hilo halimo katika hiba yoyote.

Kuendelea kugawa kunakaribia zaidi wakfu wa kisima, na hapo ndipo upungufu unapoonekana: wakfu huwa na msimamizi, mara nyingi pia na shamba au nyumba ya kuutunza. Kifurushi kina mtu mmoja na jioni zake.

Lasse Collin aliitunza xz, programu ya kubana data, hivyo kwa miaka mingi, huku watumiaji wakilalamika kwamba anachelewa. Akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, akaaminiwa, na mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri. Mtengenezaji programu Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Programu za vifurushi hazikuwa zimekosea popote. Toleo jipya lilikuwa limetangazwa, nazo zikalichukua. Mfumo wa Debian ulipotaka kurudi nyuma, ilibidi toleo la zamani lipewe jina 5.6.1+really5.4.5, maana mashine huhesabu namba iliyo kubwa kuwa ndiyo bora.